Mapipa Manne ya Mchanga

Tarehe 12 Februari

Mwanangu,

Hujambo wewe, na mke wako hajambo? Na huyo mjukuu wangu ninayemjua kwa picha tu, bado ananyonya kidole? Mwacheni anyonye. Mimi nilinyonya changu mpaka darasa la pili na leo nashona magauni ya harusi.

Huku tuko wazima. Goti langu linauma asubuhi, ikifika saa nne linasahau. Mwenye nyumba ninakopanga sasa amenipa chumba cha nyuma, kina dirisha moja na mlango ambao tangu siku ya tetemeko haushiki kwenye fremu, naufungia kwa kigoda. Kadi yako ya rambirambi ilifika mwezi wa Desemba. Niliisoma nikaiweka kwenye kopo la vifungo, maana ndicho chombo changu pekee kilichotoka kizima. Uliandika kwamba barabara zilifungwa ndiyo sababu hukufika kumzika baba yako. Nilikubali.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Kila nikifika kwenye neno kiwanja, mtandao wako unakuwa mbaya. Karatasi haina mtandao.

Basi sikiliza. Wamemaliza kuzoa kifusi cha nyumba ya baba yako. Greda limefanya kazi siku tatu, na malori yamepita hapa mpaka vumbi tumelizoea. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kumi na saba, zimesimama sita. Kwetu imebaki sakafu. Imefagiwa vizuri, ukisimama juu yake unaona nyumba nzima kama imechorwa kwa chaki: hapa jiko, hapa chumba chako, hapa sebule.

Halmashauri haitaki viwanja vikae bure vikigeuka majalala. Wametoa vibali vya muda, kila kimoja miezi mitatu. Masharti yao ni haya: usichimbe, usijenge kwa saruji, usilete kitu ambacho watu wanne hawawezi kukitoa. Na kila kibali kikiisha, siku ya mwisho ya mwezi, mnatoa kila kitu barabarani, kiwanja kinakaa kitupu kutwa nzima, afisa anakuja kutazama, jioni mnarudisha na kuanza upya. Eti ni kuzuia mtu asiote mizizi.

Kwetu tunaanza Machi, watu watatu, na tumekwisha kujipanga. Kinyozi amechukua jiko, kwa sababu ya mfereji wa maji machafu. Fundi baiskeli yuko chumbani kwako, pale ulipokuwa unaficha viatu vyenye tope. Mimi niko sebuleni na cherehani moja iliyopona kati ya tatu, mahali pale pale nilipokaa siku zote. Juu tumetandaza turubai. Nguzo zake hatuwezi kuzichimbia, kwa hiyo tumezisimamisha ndani ya mapipa yaliyojazwa mchanga. Ya pembeni ni madogo. Manne makubwa tumeyapanga mstari mmoja katikati ya sebule, kwenye ule ukanda wa sakafu wenye saruji ya rangi nyingine. Una upana wa shubiri na umeinuka kidogo. Meza ukiiweka pale inacheza, cherehani inaruka mishono, hakuna aliyepataka. Tumewapa mapipa.

Sasa jambo lenyewe. Hati ina jina la baba yako, na mrithi ni wewe peke yako, mimi ni dada tu. Mrithi lazima aje mwenyewe, siku kiwanja kikiwa kitupu, atembee mipaka yote minne kwa miguu yake mbele ya majirani wawili, ndipo atie sahihi. Mwisho ni tarehe 30 Novemba. Baada ya hapo kiwanja ni cha halmashauri. Una siku tatu za kuchagua: 31 Mei, 31 Agosti, au hiyo ya mwisho. Niambie ipi.

Nimekwisha, na wino nao unakwisha.

Shangazi yako


Tarehe 20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema kama sisi tulivyo. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba ya kwako niliipata, ingawa ilichelewa.

Mke wangu anakusalimu sana. Amehamishiwa zamu ya asubuhi hospitalini, kwa hiyo ni mimi ninayempeleka mtoto shule. Kidole bado ananyonya. Jino la mbele la chini linalegea na ameniomba nisiliguse. Huku mvua ni kila siku, lakini ni mvua nyembamba, mtu anatembea nayo bila kukimbia.

Kazi ipo. Siku hizi naweka vigae tu: vyoo, majiko, korido za ofisi. Kuta nimeacha. Vigae ni kazi safi, unafanya umepiga magoti, na hakuna unachokiweka juu ya kichwa cha mtu. Wiki hii tuko kwenye korido yenye mita sitini, kijivu na nyeupe, na mwenye jengo anataka mistari inyooke mpaka mwisho. Inanyooka.

Kuhusu kiwanja, naomba unitumie hizo fomu kwa posta. Nitatia sahihi mbele ya wakili wa huku na kuzirudisha haraka. Kazini hawatoi ruhusa mwaka huu.

Mwambie fundi baiskeli kwamba chumba kile kilikuwa kinavuja kona ya dirishani.

Wako katika familia,
Mwanao


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hiyo "dhumuni la barua hii" walikufundisha darasa la tano na mpaka leo hujaivua. Mimi ni shangazi yako, siyo meneja wa benki.

Mjukuu wangu mwambie jino lisiguswe kweli, litatoka lenyewe siku likichoka. Fundi baiskeli nimempa ujumbe wako. Amesema anashukuru, ila siku hizi chumba kinavuja kona zote.

Tunaendelea. Kinyozi ameweka kioo juu ya stendi ya magurudumu na anakizungusha kufuata kivuli, mteja anazungushwa naye. Kiwanja cha kona, palipokuwa na hoteli, kuna darasa la watoto. Wanasomea juu ya vigae vya buluu vya bafu, na mwalimu wao anawaambia kila mtu akae kwenye kigae chake. Duka la magodoro limekuwa bustani ya ndoo: mchicha kwenye ndoo, nyanya kwenye ndoo, na kila ndoo ina jina la mwenyewe. Ukiniuliza, mtaa una watu wengi kuliko zamani. Ulipokuwa na nyumba, kila mtu alikuwa ndani.

Fomu nimeuliza. Afisa wa viwanja tunamwita Bwana Futi, kwa sababu futi yake ya chuma haimtoki kiunoni, nadhani analala nayo. Si mtu mbaya. Nikamweleza kwamba mwanangu yuko mbali na kazi yake haina ruhusa. Akasema ana maombi ya namna hiyo arobaini mezani, na miguu haiji kwa posta.

Lakini nimewaona warithi wenzako wakitembea mipaka yao. Wale wa mtaa wa chini kibali chao kiliisha mwezi uliopita, nikaenda kutazama. Kulikuwa na ndugu wawili waliogombana kwenye kona ya pili, Bwana Futi akawaambia watembee mmoja mmoja. Akaja mama mmoja mtu mzima. Alitembea pande tatu vizuri, kisha akataka kuingia katikati kutazama kilipokuwa chumba chake. Sakafu tupu, mwanangu, hakuna kitu. Hakukata njia. Alizunguka mpaka palipokuwa na mlango, ndipo akaingia.

Swali moja. Tangu lini mwashi akaacha kuta? Baba yako alikuwa seremala, na mpaka anastaafu hakuwahi kuniambia ameacha milango.

Tarehe 31 Mei ni Jumamosi. Nitakuwekea kigoda.

Shangazi yako


Tarehe 9 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema ila nilikuwa na mambo.

Jino limetoka. Limetokea shuleni, kwenye kipande cha mkate, na mwalimu amelifunga kwenye karatasi na kuiandika tarehe. Mke wangu alikuwa na homa kidogo, sasa ni mzima. Ile korido tumeimaliza. Tumepewa jengo lingine, ghorofa tatu, vyoo ishirini na nne.

Tarehe 31 sikuweza kufika, kama ulivyoona. Nilijigonga goti kazini. Siyo jambo kubwa. Na nikisema kweli, shangazi, nimefikiri sana na sioni sababu ya kukihangaikia kiwanja hicho. Mimi sirudi kuishi huko. Wewe una chumba chako. Kiwanja ni udongo. Halmashauri wakikichukua watakipa kazi, na wewe utapumzika kusumbuliwa na afisa mwenye futi. Nadhani hilo ndilo jambo la busara.

Naomba usinifikirie vibaya.

Mwanao


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mkeo amepona na jino limetoka salama. Goti lako pole. Sikujua kama magoti nayo hurithiwa kwa shangazi.

Sikufikirii vibaya. Nimekasirika, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Unasema halmashauri watakipa kazi. Kazi hiyo ninaijua, Bwana Futi amenionyesha ramani. Ni maegesho ya malori ya taka. Malori manane, geti moja, taa moja. Kinyozi ataondoka na kioo chake, fundi baiskeli amekwisha niuliza nimesikia nini kutoka kwako, nikamwambia mtandao mbaya. Mimi nitashonea chumbani, nimekalia kigoda kinachofunga mlango, na mteja akija kupimwa itabidi kwanza ninyanyuke ili mlango ufunguke. Usiniambie nitapumzika. Sijachoka.

Ngoja nikueleze tarehe 31 ilivyokuwa, kwa kuwa hukuwepo. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Baiskeli kwanza, thelathini na mbili, zikapangwa ukutani mwa jirani. Kisha kiti cha kinyozi, na mteja wake wa kwanza alikuwa amekwisha fika, akanyolewa katikati ya barabara, magari yakimpisha. Cherehani yangu tulibeba wawili. Mapipa ndiyo yalitutoa jasho. Ukitaka kuyabeba hayabebeki. Unalilaza pipa kidogo kwa ukingo wake, unaliviringisha taratibu, mmoja anavuta mmoja anazuia. Manne yale makubwa yalituchukua saa nzima.

Saa nne Bwana Futi akaja. Akatembea kwenye sakafu tupu, anaandika. Alipofika kwenye ule ukanda akasimama. Akachuchumaa, akaukwaruza kwa ufunguo, akapima upana, akapima urefu, kutoka dirisha lilipokuwa mpaka kizingiti cha stoo. Akaniuliza kama hapo palikuwa na ukuta. Nikamjibu. Akaandika, akaendelea na kazi yake.

Jioni tulirudisha vitu. Mapipa tumeyapanga pale pale.

Kibali cha pili kinaisha 31 Agosti. Kigoda nilichokuwekea mara ya kwanza alikikalia mteja wa kinyozi.

Shangazi yako


Tarehe 22 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Ulimjibu nini?

Nimeandika barua hii mara nne tangu Juni na mara zote nikaichana nikifika hapa, kwa hiyo leo sitaiandika vizuri, nitaiandika tu. Ukanda ule ninaujua. Saruji ile niliikoroga mimi, kwenye karai, na niliiacha imeinuka kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla Baba hajarudi kutoka kupeleka milango. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Niliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, nikasikia unavyolia, nikasema huu ni wa kugawa chumba tu, haubebi kitu. Niliuvunja kwa siku moja.

Baba aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Wewe ulikuwepo, ulimsikia. "Ukuta ulioukuta ndani ya nyumba usiuondoe mpaka uwe umemuuliza aliyeujenga." Ni hayo tu aliyosema, kisha hatukusemeshana miezi mitatu, kisha nikapata kazi huku nikaondoka. Kwa simu tulikuwa tunaulizana hali ya hewa.

Barabara hazikufungwa. Zilifungwa siku mbili tu. Nilifika mpaka kituo, nilikuwa na tiketi mkononi na begi. Nikarudi nyumbani. Mke wangu anaamini nilikosa gari.

Siwezi kusimama kwenye sakafu ile ikiwa tupu, shangazi. Ndiyo sababu. Si ruhusa wala goti.

Tarehe 31 sitakuja. Niambie tu ulimjibu nini.

Mwanao


Tarehe 11 Septemba

Mwanangu,

Leo salamu zitakuja mwisho. Nikianza nazo nitajificha nyuma yake mpaka karatasi iishe, najijua.

Nilimjibu Bwana Futi kwamba sikumbuki. Mimi, ninayekumbuka kiuno cha kila bibi harusi niliyemshonea tangu nianze kazi hii. Aliandika "haikumbukwi", nikamwona akiandika.

Barua yako ilifika tarehe 30 Agosti. Siku iliyofuata tulitoa vitu tena. Sakafu ilipokuwa tupu nilimwita Bwana Futi mwenyewe, nikamwambia afungue daftari, pale palikuwa na ukuta, na mimi ndiye niliyeomba uondolewe.

Sasa nakuandikia wewe, ingawa unajua. Nilipofiwa na mume wangu nilikuja kwa kaka yangu na cherehani tatu na meza ya kukatia. Sebule ilikuwa nusu gizani. Dirisha zuri lilikuwa upande wa stoo, nyuma ya ukuta. Nilikaribia kupofuka macho kwa kutunga uzi mwaka mzima, kisha nikakuita wewe, siyo baba yako, kwa sababu nilijua yeye angekataa. Nilikwambia uvunje akiwa safari. Nikakwambia usiseme ni mimi, nitamweleza mwenyewe kwa wakati wake. Alipofika akasimama mlangoni na viatu vyake, ukasema umeamua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale na futi yangu shingoni. Nikatazama chini. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho ile imechukua miaka tisa, na yeye hakuisubiri.

Na hata sasa, kwenye barua yako uliyoichana mara nne, umeandika "niliuvunja", hukuandika nani alikwambia uvunje. Ukanifichia tena. Nimesoma nikaona aibu, na aibu yangu ni kubwa kuliko umri wangu. Inatosha, mwanangu. Niweke na mimi hapo.

Lingine ambalo sijakuandikia. Siku ya tetemeko mimi nilikuwa nimetoka kwenda kumpimisha mteja gauni, nyumba ya nne kutoka kwetu, moja ya zile sita. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mbele ya meza yangu, anasoma gazeti. Hakuwa hapo kwa bahati mbaya. Alikaa hapo kila siku saa nne, kwa miaka, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga. Hasira zake ziliisha zamani, wewe huna habari. Mwaka wa pili baada ya kuondoka kwako aliniambia, akigeuza ukurasa, kwamba yule kijana alikosea adabu lakini dirisha alilipatia. Nikacheka. Sikukuandikia, kwa sababu ningekuandikia hilo ingenibidi niandike na haya mengine.

Nilimuuliza Bwana Futi swali lako, hata kama wewe hukuniuliza. Nilimuuliza kama ukuta ule ungekuwepo, nyumba ingesimama? Akapanyooshea kidole palipokuwa na nyumba ya mbele yetu. Ile ilikuwa na kuta zake zote, hakuna aliyegusa hata tofali, nayo ililala chini. Akainyooshea ya kushoto, yenye ufa tangu ijengwe, bado imesimama na watu wanapika ndani. Akasema pengine ingesimama, pengine isingesimama, pengine ingesimama dakika moja zaidi, na yeye hana chombo cha kupima hilo. Aliandika mstari mmoja na nusu akafunga daftari. Kwenye haki yako ya kiwanja hilo halibadilishi kitu.

Kwa hiyo sina la kukupa. Nilitamani nikuandikie kwamba haikuwa sisi. Siwezi, sijui. Kilichopo ni kwamba kama ni mzigo, tulikuwa wawili tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuachia ubebe peke yako.

Tarehe 30 Novemba ndiyo ya mwisho. Sitakuwekea kigoda safari hii, wala sitakubembeleza. Usipokuja nitaelewa, na malori yatakuja.

Sasa salamu. Hujambo? Mkeo hajambo? Goti langu ni lile lile. Kinyozi amepata stendi mpya ya kioo, haipigi kelele. Nimemshonea mjukuu wangu sare ya shule kwa kukisia, naituma na barua hii, kama ni kubwa atakua.

Shangazi yako


Tarehe 15 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo.

Sisi ni wazima. Jino la pili limetoka, hili alilisukuma mwenyewe kwa ulimi siku tatu mpaka likakubali. Kidole ameacha, hatujui kwa nini, siku moja tu hakukumbuka. Sare ni kubwa mikononi. Ameivaa wikiendi nzima na amekataa kuivua kulala.

Barua yako niliisoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu nikamsomea mke wangu. Ilibidi nianze kumweleza tangu ile tiketi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tuna begi kubwa zaidi ya lile.

Ile mistari ya dirisha nimeikata kwenye barua yako, nimeiweka kwenye mfuko wa shati la kazi.

Msimamizi nilimwendea Jumatatu. Ruhusa ipo, siku kumi. Ilikuwepo tangu Machi, sikuwahi kuiomba. Tutafika tarehe 29 Novemba jioni, mimi na mtoto. Mama yake ana zamu. Mtoto amesikia kuna kiti cha kinyozi kinachozungushwa kufuata kivuli na anataka kukikalia, basi mwambie kinyozi ajiandae. Anataka kuiona na cherehani.

Majirani wawili wa kushuhudia nakuachia wewe uwachague.

Tarehe 30 toeni vitu saa kumi na mbili kama kawaida: baiskeli, kiti, cherehani, vyote. Yale mapipa manne yaacheni. Nitayaviringisha mimi.

Mwanao